Upepo amekuja au upepo umekuja?

Tarehe 31 Januari 2013 mahakama ya wilaya ya Reykjavík, mji mkuu wa Aislandi, ilimruhusu binti wa miaka 15 kutumia jina aliloitwa maisha yake yote. Jina lenyewe ni Blær. Mama yake alimwita hivyo tangu mchanga, waliomzunguka wakamwita hivyo, na kasisi aliyembatiza alilipokea akidhani limo kwenye orodha ya serikali. Halikuwamo. Basi kwenye kila karatasi rasmi mtoto yule akawa anasomeka Stúlka, yaani Msichana. Pasipoti, Msichana. Barua ya serikali ikija nyumbani, imeandikiwa Msichana. Umri wa kuota chunusi umemfika, na dola bado haina la kumwita ila jinsia yake.

Blær si tusi wala mzaha. Kwa Kiaislandi ni upepo mwanana, ule wa kupapasa shavu bila kuangusha kofia. Kilichomponza binti ni sarufi. Nomino za Kiaislandi zina jinsia tatu, ya kiume, ya kike na ya katikati, na neno blær limeangukia ya kiume. Sheria ya wakati ule ilitaka msichana apewe jina la kike. Kamati ya majina ikajumlisha: neno la kiume, jina la kiume, huyu ni wa kike, haiwezekani.

Nilipoisoma habari ile nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka, kwa kuwa ugali wangu naupata kwa kuhariri maandishi ya watu, na sehemu kubwa ya siku yangu huishia kwenye upatanisho wa kisarufi: hiki, hili, huyu, hizi. Nikajiuliza sisi tukimwita mtoto Upepo tutasemaje. Upepo umekuja, au Upepo amekuja? Jibu analo hata mtoto wa chekechea. Zawadi imefika ni kifurushi cha posta. Zawadi amefika ni mtu, tena huenda ana njaa.

Nitalirudia hilo. Kwanza tuwatendee haki Waaislandi, maana habari zao za majina huandikwa duniani kama kichekesho: nchi ya watu wasiotimia laki nne, yenye kamati ya serikali ya kukataa majina ya watoto. Kichekesho kipo. Lakini mantiki iliyo chini yake ni nzito kuliko inavyosimuliwa.

Mtoto akizaliwa kule, taarifa zake hupelekwa Þjóðskrá, ofisi ya usajili wa watu. (Ile herufi ya kwanza ni "th" ya thelathini, na ð ya Kiaislandi ni "dh" ya dhahabu. Sauti hizo mbili huwatoa jasho Wazungu wengi wanaojifunza lugha hiyo. Sisi tumezaliwa nazo.) Mtoto hupewa kennitala, namba yenye tarakimu kumi, sita za mwanzo zikiwa tarehe yake ya kuzaliwa. Namba inatangulia, jina linafuata. Mpaka jina lije, anaandikwa Stúlka au Drengur, Msichana au Mvulana. Kwetu wodini nako mtoto hana jina siku za mwanzo, ila kibandiko chake humtaja mama: kama mama ni Rehema, kinasomeka "Mtoto wa Rehema". Naona chetu kina utu zaidi, ingawa hakuna aliyekaa kikao kukibuni.

Sheria ya Aislandi inawapa wazazi miezi sita. Desturi ya zamani ni kulificha jina hadi siku ya ubatizo, kasisi aulize "Hvað á barnið að heita?", mtoto aitwe nani, ndipo bibi na mashangazi walisikie kwa mara ya kwanza. Wasiobatiza hupeleka tu taarifa kwenye usajili. Miezi sita ikipita bila jina, sheria inaruhusu faini ya hadi króna 1,000 kwa kila siku.

Jina likiwa kwenye orodha, kazi imekwisha. Wakati wa kesi ya Blær orodha ilikuwa na majina 1,853 ya kike na 1,712 ya kiume, kwa hiyo si kwamba watu walikuwa wanabanwa kwenye majina kumi. Lisipokuwamo, ombi linapanda kwa Mannanafnanefnd, kamati ya watu watatu wanaopendekezwa na wanasheria wa chuo kikuu, wataalamu wa fani za lugha na utamaduni wa chuo hichohicho, na baraza la lugha ya taifa. Wana wiki nne za kujibu. Wakikataa, hakuna waziri wa kumlilia. Kinachobaki ni mahakama, na ndiko alikokwenda Blær.

Kinachowaongoza ni sheria namba 45 ya mwaka 1996, hasa kifungu cha tano. Jina liweze kubeba kimalizio cha umilikaji cha Kiaislandi, au liwe limeshazoeleka katika lugha. Lisigombane na muundo wa lugha. Liandikwe kwa tahajia yao isipokuwa kama mazoea yameruhusu vingine. Lisimletee mwenye nalo adha.

Hilo la kimalizio ndilo watu huliruka, na ndilo lenye utamu. Kwetu jina la mtu ni kama jiwe mtoni: sentensi inapita pembeni, jiwe halisogei. Juma kaja, nimemwona Juma, kitabu cha Juma. Kazi yote ya umilikaji tumemtwika a-unganifu, yule "wa, ya, cha", na jina limekaa kitako halina habari. Hata -ni ya mahali hatuibandiki kwenye majina ya pekee. Tunasema shuleni na sokoni, ila hakuna anayesema anaishi Mombasani.

Kiaislandi hakina adabu hiyo. Jina linapinda kila linapohamia nafasi nyingine katika sentensi, na watoto hulifanyia mazoezi kwa vitangulizi vinne, hér er, um, frá, til: huyu hapa, kuhusu, kutoka kwa, kwenda kwa. Chukua Egill. Hér er Egill, um Egil, frá Agli, til Egils. Mtazame huyo wa tatu. Mgeni akiona barua imetoka kwa Agli ataapa kwamba hamjui mtu huyo, kumbe jana wamekunywa kahawa pamoja. Helga akitoka kwenye nafasi ya mtenda anakuwa Helgu. Anna anakuwa Önnu, hata irabu ya mwanzo inageuka. Kwa kanuni hiyohiyo Salma wa Tanga angekuwa Sölmu.

Na lile umbo la mwisho, la umilikaji, lina kazi nyingine kubwa kuliko zote: ndilo linalozaa jina la kizazi kijacho. Egill akipata mtoto wa kiume, mtoto ni Egilsson, mwana wa Egill. Wa kike ni Egilsdóttir. Sasa jina lisilokubali kimalizio, baba akilipeleka kwenye hatua hiyo litafanya nini? Mzazi anadhani anamchagulia mtoto mmoja jina, kumbe anachagua pia nusu ya jina la wajukuu. Mkulima anayekagua mbegu kabla ya kupanda hatumwiti dikteta. Kwa hapo mimi niko upande wa kamati, na sioni aibu kusema hivyo.

Wapenda mpira wetu wameuona mfumo huu bila kujua wanaona nini. Juni 27, 2016, mjini Nice, Aislandi iliitoa Uingereza kwenye Kombe la Ulaya kwa mabao 2–1. Wachezaji wote kumi na mmoja walioanza siku ile walikuwa na majina ya mwisho yanayoishia na -son. Kwenye banda nilimokuwa, jamaa mmoja nyuma yangu akauliza kama timu nzima imetoka nyumba moja. Watu wakaangua kicheko, ila swali lilikuwa la haki na hatukuwa na jibu. Ningemjibu leo. Ragnar Sigurðsson aliyesawazisha bao siku ile na Gylfi Sigurðsson aliyekuwa kiungo wala si ndugu. Ni baba zao tu ndio walioitwa Sigurður. Kabla yao alikuwapo Heiðar Helguson, yule mshambuliaji wa Watford na Fulham. Helgu pamoja na son: mwana wa Helga. Anatumia jina la mama, na sheria haina neno, kwa sababu inachodai ni jina la mzazi, awe baba au mama.

Kwenye benchi siku ile ya Nice alikuwapo mtu wa namna nyingine, Eiður Guðjohnsen, aliyewahi kutamba Chelsea na Barcelona. Aprili 24, 1996, mjini Tallinn, aliingia uwanjani kuichezea Aislandi akichukua nafasi ya baba yake mzazi, Arnór Guðjohnsen. Baba anatoka, mwana anaingia, na majina yao ya mwisho yanafanana. Uingereza hilo halimshtui mtu. Kwa Aislandi linaonyesha kwamba ukoo huo umebahatika kuwa na jina la ukoo.

Hapo ndipo naanza kuikimbia kamati, au niseme naikimbia sheria inayoilinda. Nchi ilipokuwa chini ya mfalme wa Denmark, baadhi ya familia, hasa za wasomi, maofisa na wafanyabiashara, zilianza kubeba majina ya ukoo kwa mtindo wa Kidenmaki. Sheria ya 1913 ikawafungulia wengine mlango. Mwaka 1925 bunge likaogopa kwamba mfumo wa son na dóttir utazama, likaufunga: walio nalo wabaki nalo, wengine wasijitengenezee. Nia ilikuwa kulinda kilicho chao. Matokeo yake ni raia wa daraja mbili. Kama babu yako aliwahi dirishani, wewe unarithi. Kama alichelewa, au alikuwa mvuvi asiyejua kama kuna dirisha, wewe ni mwana wa fulani na basi.

Jón Gnarr anaijua adha hiyo. Ni mchekeshaji aliyeingia siasa kwa mzaha, akaishia kuwa meya wa Reykjavík kuanzia 2010 hadi 2014. Nchi nzima ilimjua kwa jina la Gnarr, ila kwenye usajili alikuwa Kristinsson, na sheria ikamkatalia. Mwaka 2015, akiwa Houston, alibadilisha jina kwa sheria za Texas, akarudi nalo nyumbani. Meya wa mji mkuu kwenda kutafuta jina ugenini! Na hii ni nchi ambayo mwandishi wake mkubwa kuliko wote, aliyepata Nobel mwaka 1955, alizaliwa akiwa Halldór Guðjónsson, akajiita Laxness kwa shamba alilokulia. Taifa linajivunia jina la kujitungia, halafu linamnyima meya jina la kujitungia.

Wageni ndio walioumia zaidi. Kwa miongo kadhaa aliyetaka uraia wa Aislandi alitakiwa kuchukua jina la Kiaislandi, na sharti hilo liliondoka kabisa kwa sheria ya 1996. Fikiria mtu mzima aliyevuka bahari, ana shahada zake, ana barua za mama yake kwenye sanduku, anaambiwa tangu leo yeye ni Þorsteinn. Sarufi ilikuwa imegeuka forodha.

Hata baada ya hapo, watoto wa ndoa mchanganyiko waliendelea kukwama. Mwaka 2014 binti wa miaka 10 aitwaye Harriet, baba Mwingereza na mama Mwaislandi, alinyimwa pasipoti mpya. Ile ya zamani ilikuwa imeandikwa Stúlka. Ya kaka yake, Duncan, Drengur. Harriet hainyambuliki kwa Kiaislandi, na Duncan ina C, herufi ambayo haimo katika alfabeti yao ya herufi 32. Sheria iliwapa njia: mtoto mwenye mzazi wa kigeni anaweza kupewa jina la kigeni, mradi awe na jina jingine moja linalotimiza masharti. Wazazi hawakutaka kumbandika mtoto jina la kutimiza fomu. Familia ikasafiri kwa pasipoti ya dharura ya Uingereza. Ukiniuliza, ofisi ilikuwa na sheria na wazazi walikuwa na haki, na mtoto ndiye aliyekuwa na begi lililokwisha kufungwa.

Halafu kuna hili la mazoea. Jina lisilotimiza sarufi linaweza kupita kama lina historia katika lugha, na kwa miaka mingi kamati imepima historia kwa kuhesabu vichwa. Kama Waaislandi 20 tayari wanalitumia, limezoeleka. Kama ni kumi hadi kumi na wanne, angalau mkubwa wao awe ametimiza miaka 60. Wakipungua zaidi ya hapo, kamati inafungua sensa za 1910 na 1920 kuona kama jina lilikuwapo. Napenda uhesabu huu, una haya ya kisayansi. Lakini unazunguka kama mbwa anayefukuza mkia: ili jina liruhusiwe, lazima pawe na watu wanaolitumia, na ili watu walitumie, lazima liwe limeruhusiwa. Aliye wa kwanza atatoka wapi? Labda kwa mgeni, au kwa kasisi aliyekosea.

Kwa Blær wa kwanza alikuwapo. Kulikuwa na mwanamke mwingine mwenye jina hilo, aliyezaliwa 1973, amelisajili na anatembea nalo. Mahakama ililitazama hilo, ikatazama pia katiba, ibara ya 71 inayolinda faragha, pamoja na mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu, ikaamua kwamba haki ya mtu kuitwa jina lake inashinda hoja ya serikali kuhusu jinsia ya neno. Fidia ya króna 500,000 aliyoomba hakupewa. Jina alipewa.

Sasa turudi kwa Zawadi mwenye njaa. Kiswahili kimejaa vitu vilivyogeuka watu: Baraka, Neema, Riziki, Subira, Bahati, Tumaini, Furaha. Kila kimoja kina ngeli yake kamusini, na kila kimoja kikikalia kichwa cha mtoto kinaiacha ngeli hiyo mlangoni kama viatu. Bahati yangu imeponyoka, ninalia peke yangu. Bahati kaponyoka, tunamtafuta mtaa mzima. Hatukuhitaji hakimu kutuambia kwamba neno likishakuwa jina, linalotawala ni mwili wa mwenye nalo. Tena Bahati na Tumaini hatuulizi ni wa kike au wa kiume mpaka aingie mlangoni.

Nilidhani huu ni utajiri wetu peke yetu. Kumbe Waaislandi wanao pia, ila kamati ilijifanya hauoni. Sturla ni jina la kiume tangu enzi za saga, zile simulizi zao za kale. Sturla Þórðarson alikuwa mwanahistoria wa karne ya 13. Linaishia na -a, linapinda kama Helga, Sturla, Sturlu, na hakuna aliyewahi kumwambia mwanamume mwenye ndevu kwamba jina lake lina umbo la kike. Ilmur maana yake harufu nzuri. Kamusini ni neno la kiume, na wapo wanawake wanaoitwa hivyo kwa raha zao. Wanaomzungumzia Ilmur husema "hún", yaani yeye wa kike, sawasawa na sisi tunavyosema Zawadi amefika. Lugha yenyewe ilikuwa imeshatoa hukumu karne nyingi kabla ya mahakama. Waliokuwa nyuma ni walinzi wake.

Mwaka 2019 bunge likaelewa. Sheria namba 80, ya mtu kujiamulia jinsia yake, ilifuta sharti la majina ya kike kwa wasichana na ya kiume kwa wavulana. Leo mwanamke anaweza kuitwa Sigurður na mwanamume Anna. Wasiosajiliwa kuwa wa kike wala wa kiume wanaweza kuliacha jina la mzazi bila kimalizio, au kutumia -bur badala ya -son na -dóttir.

Na dari halijaanguka. Egill bado anakuwa Agli kwenye nafasi yake. Hoja ya kwamba bila kamati lugha itabomoka ina tatizo la tarehe: kamati iliundwa kwa sheria ya 1991, na Egill Skallagrímsson aliishi karne ya kumi. Zaidi ya miaka elfu jina limepita mikononi mwa wavuvi, wachungaji wa kondoo na mashangazi bila kikao chochote, likafika likiwa na matamshi na minyambuliko yake. Wanaolinda minyambuliko ni wale wanaomwita mtoto aje kula. Mtoto mwenye jina la kigeni akipata marafiki, marafiki watampindia jina wenyewe, wapende wasipende wazazi.

Miswada ya kuivunja kamati imefika bungeni zaidi ya mara moja, ikakwama. Mimi ningeiacha na kazi moja tu, ile ya adha. Iliwahi kukataa Lúsífer, jina la shetani, na sina ugomvi nayo. Mtoto hana sauti siku anayopewa jina, na mtu mmoja wa kumsemea si mbaya. Najua mlango huo nao una hatari zake: akina Shida na Tabu wetu wangegonga mwamba pale, na Shida ninayemfahamu mimi hana shida na mtu. Orodha ibaki kama mwongozo, minyambuliko ibaki kama ushauri wa bure kwa mzazi, kwamba jina ulilochagua litamsumbua mjukuu, fikiria. Na dirisha la 1925 lifunguliwe kwa wote.

Wanaoogopa kufunguliwa kwa dirisha hilo nawaelewa kuliko wanavyodhani, kwa sababu mimi naishi upande wa pili wa hofu yao. Pwani yetu ilikuwa na bin na binti, mapacha wa son na dóttir. Hata tusiotumia bin, Tanzania majina hupangwa hivyohivyo: langu, la baba, la babu. Kuyaondoa hakuhitaji bunge, fomu inatosha. Fomu ina kisanduku cha "jina la ukoo", nami sina ukoo wa kuandika pale, basi naandika jina la mwisho, ambalo ni la babu. Babu yangu alifariki kabla sijazaliwa, na kwa mujibu wa shirika moja la ndege mimi ndiye yeye. Mwanangu naye, kwa mpangilio uleule, jina lake la mwisho ni la baba yangu. Tukisafiri, mimi napita kwa jina la babu yangu na yeye kwa jina la babu yake, na afisa wa mpakani ananitazama kama niliyemwiba mtoto. Wapo rafiki zangu waliochoka na maswali hayo wakawaandikisha watoto wote jina moja la mwisho. Kizazi kimoja tu, mfumo kwaheri.

Hilo Waaislandi wamelikataa kwa vitendo, na hapo nawaonea wivu wa kweli. Kitabu chao cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza, na kazi ya mtu ikaandikwa pembeni ili Jón seremala asichanganywe na Jón mwalimu. Rais wao wa sasa ni Halla, na ukimwita Tómasdóttir unamtaja baba yake. Utambulisho umebebwa na kennitala, jina likaachwa lifanye kazi ya jina. Nasi tunayo namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20, nane za mwanzo tarehe ya kuzaliwa. Lakini kisanduku cha ukoo bado kinatungoja.

Nikiwa nimechoka na kuhariri huwa nacheza mchezo huu. Mwanamke wa Muheza aitwaye Rehema, bado raia wa Tanzania, amezaa na Jón huko Reykjavík. Mtoto ni wa kike na wanataka aitwe Zawadi. Z na W zote haramu katika tahajia ya leo, lakini mama ni mgeni, kwa hiyo Zawadi anapita, mradi apate na jina moja la kutimiza masharti. Wanampa la bibi yake, Helga. Limebaki la mwisho. Jónsdóttir ndilo jepesi, na mkwe angelipenda. Ila Rehema inaishia na -a kama Helga, inapinda kama Helga, na sheria inaruhusu mama. Rehema, Rehemu, Rehemudóttir. Zawadi Helga Rehemudóttir, binti wa Rehema, maneno yaleyale ambayo muuguzi wa Muheza angeyaandika kwa kalamu kwenye kibandiko cha wodini, kabla mtoto hajapata jina.